Madiwani wetu na reli za Illinois

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya vikao vya bajeti vya halmashauri zetu za Nyanda za Juu Kusini. Nitaanzia mbali, Marekani, kwa kuwa haya tunayoyaona huku, ya kugawana fedha kidogokidogo hadi miradi haiishi, yaliwahi kutendeka huko karibu miaka 190 iliyopita.

Mwishoni mwa mwaka 1836 wabunge wa jimbo la Illinois walikutana Vandalia, mji mdogo uliokuwa makao makuu yao. Miongoni mwao alikuwamo Abraham Lincoln, kijana wa miaka 27 aliyekuwa akianza kipindi chake cha pili. Yeye na wenzake wanane wa kaunti ya Sangamon waliitwa "Warefu Tisa" kwa vimo vyao, na walikuja na nia moja, makao makuu yahamie Springfield. Wengine nao walikuwa na yao: huyu anataka reli, yule mfereji, mwingine barabara.

Februari 1837 walipitisha sheria ya kukopa na kutumia zaidi ya dola milioni 10, katika jimbo ambalo watu wake hawakufika nusu milioni, ingawa Gavana Joseph Duncan alipinga. Ili asinung'unike mtu, kaunti zisizopitiwa na mradi wowote zilitengewa dola 200,000 zigawane, na sheria ikaagiza kazi ianze kwenye reli zote kwa wakati mmoja, tena kutoka ncha zote mbili. Tarehe 28 mwezi huohuo Springfield ikapewa makao makuu kwa kura 73. Wapo waliodai kuwa kura hizo zilinunuliwa kwa reli. Hilo wanahistoria bado wanabishania, nami siwaamulii.

Mwaka huohuo mabenki ya Marekani yakayumba, mikopo ikakauka, na baada ya muda kazi zikasimama, reli zikiwa vipande visivyoungana. Njia moja tu ilikamilika, ya Meredosia hadi Springfield, kilomita zipatazo 90, nayo kichwa cha treni kilipochakaa mabehewa yakavutwa na nyumbu (wale chotara wa punda na farasi), hadi ikauzwa mwaka 1847 kwa dola 21,100. Deni lilimalizika zaidi ya miaka 40 baada ya sheria ile kupitishwa. (Lincoln huyohuyo, mwaka 1840, aliruka dirishani ili akidi isitimie. Wa kwetu hutoka mlangoni.)

Katika kata ninakoishi lipo boma la darasa. Wananchi tulichanga mchanga na matofali ya kuchoma, kuta zikafika kwenye lenta, tukaambiwa halmashauri itapaua. Mvua za misimu minne zimelinyeshea, matofali ya juu yanamomonyoka, na pale ambapo ungekuwa ubao umeota mgomba ambao mwaka jana ulizaa mkungu. Nilipomuuliza diwani wetu alinijibu kwa uungwana: "Mwalimu, fedha zilikuja, ila tuligawana kata zote ili kila mmoja apate kitu." Kitu chenyewe ni mifuko michache ya saruji, ambayo imeshaganda kwenye stoo ya mtendaji.

Simlaumu sana, kwa maana diwani anayerudi mkutanoni mikono mitupu huzomewa, na sisi ndio tunaozomea. Lakini mgawo wa namna hii haumpi mtu darasa. Wazee wenzangu wa Mbeya wanakumbuka jinsi TAZARA ilivyojengwa: reli ilitandazwa kutokea Dar es Salaam kuja huku, na kipande kilichokwisha ndicho kilichopitisha mataruma na vyuma vya kipande kinachofuata, hata ikafika Tunduma mwaka 1973. Hakuna aliyedai aanziwe mlangoni kwake.

Ninachoomba ni kwamba, kabla ya kikao kijacho cha bajeti, orodha ya maboma yote ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, ikionyesha mwaka ambao kila moja lilianzwa, na fedha zikija zipaue la zamani zaidi mpaka watoto waingie, ndipo waende la pili. Kata yetu ikiangukia ya mwisho nitaridhika, mradi nijue ni mwaka gani, ili niwaeleze wajukuu zangu ambao kwa sasa wanasoma kwa zamu.

Mwalimu mstaafu,
Mbeya