Malalamiko Kuhusu Vishikwambi Vinavyozuia Makarani Kuingia Kwenye Mfumo Hifadhi Inapojaa

Katibu,
Chama cha Msingi cha Wakulima wa Tumbaku,
Kaliua, Tabora.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Chama chetu hutumia vishikwambi mlivyotuuzia kuandikisha uzito na daraja la kila mtumba wa tumbaku siku za soko. Katikati ya msimu huu makarani wetu walianza kukataliwa kuingia kwenye mfumo, na kila walipoandika nywila, kioo kiliwajibu kuwa si sahihi. Walirudia hadi akaunti zao zikafungwa, huku wakulima waliosafirisha tumbaku kutoka vijiji vya mbali wakisubiri kwenye mizani.

Nywila hazikuwa na kosa lolote. Kilichojaa ni hifadhi ya vishikwambi. Programu yenu hutaka kila mtumba upigwe picha, na picha hizo hubaki kwenye kifaa hata baada ya kupokelewa na seva, yaani kompyuta yenu kuu. Kwa kifaa cha gigabaiti 16, ambazo sehemu yake kubwa imekwisha kuchukuliwa na Android yenyewe, nafasi humalizika kabla ya msimu kwisha. Mtu anapoingia, programu hulazimika kuandika ndani ya kifaa kibali kilichotolewa na seva, na pasipo nafasi ya kukiandika, kibali hicho hupotea na mtumiaji hurudishwa mwanzo kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Tulilithibitisha jambo hili sisi wenyewe: akaunti zilipofunguliwa tena, tulihamishia picha za zamani kwenye kompyuta ya ofisi kwa waya, tukafuta faili za muda, na karani akaingia kwa nywila ileile iliyokuwa ikikataliwa.

Linalotuumiza zaidi ni ushauri tuliopewa kwa simu. Mhudumu wenu alimwelekeza karani afute data zote za programu, bila hata kumuuliza kama kuna taarifa ambazo hazijatumwa. Masoko yetu mengi yako mahali ambapo mtandao ni hafifu, hivyo taarifa za mauzo hukaa ndani ya kishikwambi hadi karani arudi mjini. Kufuta faili za muda hakuzigusi taarifa hizo. Kufuta data huziondoa zote. Uzito wa mtumba ukipotea, anayeumia ni mkulima aliyekopa mbolea akitegemea mauzo hayo kulipa deni. Karani wetu alikataa kufuata ushauri huo, na chama kinamshukuru.

Tunaomba programu irekebishwe ili ioneshe wazi kwamba nafasi imekwisha, kwa Kiswahili, mapema kabla mtumiaji hajafungiwa nje, na ili picha ambayo seva imekwisha kuipokea ijifute yenyewe kwenye kifaa. Wahudumu wa simu waelekezwe wasimshauri mtu yeyote kufuta data kabla ya kuhakikisha kwamba taarifa zake zimetumwa. Aidha, kwa kuwa vifaa hivi mlivipendekeza ninyi wenyewe mkijua kazi yake, tunaomba mtupatie kadi za kuongeza hifadhi bila malipo, na programu iwekwe namna ya kuhifadhi picha humo.

Tunasubiri jibu lenu la maandishi kabla ya soko lijalo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa Chama