Barua ya wazi kwa mjomba: viatu vya Bob

Mjomba, shikamoo.

Ule ujumbe wa viatu umenifikia tena, mara ya tatu mwaka huu. Kwamba Bob Marley hakuugua. Alipelekewa viatu vya zawadi vyenye waya wa shaba, ukamchoma kidole, ukampa saratani. Na yule jasusi mstaafu wa CIA, miaka 79, eti aliungama kabla ya kukata roho kwamba ndiye aliyevipeleka. Mjomba, mzee huyo hayupo. Habari yake ilipikwa mwaka 2017 na tovuti moja ya Marekani iliyozoea kupika. Na saratani mtu hachomwi kwa waya.

Sikucheki, lakini. Wewe ndiye uliyenifundisha kurudisha kaseti kwa kalamu ili tusimalize betri. Wewe ndiye uliyenisimulia, kana kwamba ulikuwepo, jinsi wenye bunduki walivyovamia nyumba yake ya Hope Road, Kingston, tarehe 3 Desemba 1976, wakampiga risasi yeye na mkewe Rita, na siku mbili baadaye akapanda jukwaani na majeraha yake. Hilo ni kweli tupu. Mtu wa namna hiyo akifa na miaka 36, nani asiulize? Ningekuwa na umri wako mwaka 1981, hata mimi ningetafuta muuaji.

Ila yaliyotokea yananiuma kuliko viatu. Mwaka 1977 aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia akicheza mpira. Kidonda kikagoma kupona, na yeye akakichukulia kuwa ni cha mpira tu. Madaktari walipochunguza chini ya ukucha wakakuta melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Wakashauri kidole kikatwe. Imani yake ya Kirasta haikuruhusu, akakubali kutolewa ukucha na kupandikizwa ngozi. Akarudi kazini. Aprili 1980 akaimba kwenye uhuru wa Zimbabwe, usiku ule ambao ukiusimulia lazima ufute macho. Septemba akaanguka akikimbia Central Park, New York. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ubongo. Siku mbili baadaye akaimba Pittsburgh, mara ya mwisho. Tarehe 11 Mei 1981 akafariki Miami.

Sisi weusi tukipata melanoma, mara nyingi huanzia kusikopigwa na jua: nyayo, viganja, chini ya kucha. Ujumbe wako mrefu wote ule hauligusi hilo hata kwa mstari mmoja.

Sasa usinikasirikie kwa kulitaja hadharani, maana faraghani umenikatalia mara nne. Ule weusi kwenye ukucha wa mguu wako, unaosema ni mlango. Mlango ulikubamiza mwaka juzi, Mjomba, siku ya msiba wa bibi. Damu iliyovilia husogea mbele ukucha unavyoota, mwisho ikaisha. Wako unapanuka. Huenda si kitu. Weusi wengi tuna mistari kwenye kucha na hatuumwi. Nataka tu aliyesomea atuambie hivyo kwa mdomo wake.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Vaa kandambili, viatu acha. Tukitoka kwa daktari nitakaa nawe mpaka jioni, unieleze habari za CIA, na sitakukatiza.

Mpwa wako