Elimu ya sumukuvu ianze na maswali ya wakulima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna wataalamu wanavyotufikishia elimu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka kama mahindi yasipokauka vizuri, sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Hivi karibuni nilihudhuria mkutano wa kijiji ambapo mtaalamu, kijana mwenye nia njema kabisa, alitumia karibu saa nzima kutueleza viwango vya sumu kwa hesabu za maabara, hata akina mama waliokaa mbele wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Alipomaliza, mzee mmoja aliuliza iwapo ugali ukiiva vizuri sumu hiyo hufa. Somo zima lilipaswa kuanzia kwenye swali hilo, kwa sababu jibu lake ni hapana: moto wa jikoni hauimalizi, na hata mahindi yanayoonekana safi yanaweza kuwa nayo.

Kisha bibi shamba wetu alichukua chupa ya kioo iliyokauka, akatia mahindi na chumvi kavu, akaitikisa kwa dakika chache. Chumvi ikanata kwenye kioo, naye akatuambia kwamba mahindi hayo bado yana unyevu, yarudishwe juani juu ya turubai kabla ya kutiwa ghalani. Hakuna aliyeondoka.

Naziomba halmashauri ziwape maofisa ugani muda wa kutosha vijijini, na watafiti wawasikilize wakulima kabla ya kuandaa mada zao.

Mkulima wa mahindi,
Kongwa, Dodoma