Barua kwa watupa tufe wa sekondari za Mwanza

Wanangu,

Mwangaluka. Nawaandikia ninyi mnaotupa tufe, kisahani na mkuki katika sekondari za mkoa wetu, kuanzia Ilemela na Nyamagana hadi nyie wa Ukerewe mnaovuka maji kuja kushindana huku mmelalia mabegi yenu kwenye kivuko. Wakimbiaji watanisamehe. Wao wana watu wa kuwasemea tangu Filbert Bayi alipoikimbia mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Mtupaji hana mtu. Anaitwa zikiwa zimebaki wiki tatu, anaambiwa "wewe una mwili", anapewa tufe, na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ikiisha tufe linarudi stoo kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo, na nina kosa la kuungama.

Nilikuwa na binti mmoja kidato cha tatu, jina lake nalihifadhi. Mtoto wa mvuvi, mabega aliyapata kwa kushusha ndoo za dagaa mtumbwini. Siku ya kwanza kutupa, tufe lilipita mstari wa chokaa niliouchora, likapita na baiskeli yangu niliyokuwa nimeilaza nyasini. Wenzake wakambatiza Mzinga. Kila wiki anaongeza. Nikavimba kichwa, nikamwambia mkuu wa shule tumepata mtu wa taifa.

Tukaenda kwenye mashindano makubwa, akakabidhiwa tufe la pale, kilo 4. Likaanguka karibu mita mbili nyuma ya alikozoea. Akarudia. Akarudia tena. Nilimwona akikitazama kiganja chake, anakigeuza, kama mtu anayetafuta mwiba. Usiku bwenini wakamwambia amerogwa, naye akaamini, maana mwalimu wake hakuwa na maelezo mengine ya kumpa.

Tuliporudi nililichukua lile tufe letu nikaenda nalo Mwaloni, kwa mama mmoja muuza dagaa, nikamwomba mizani. Kilo 3 na gramu 400. Lilitengenezwa na fundi wa mtaani, na miaka yote ile hakuna aliyelipima, mimi nikiwa wa kwanza kutolipima. Nilipomweleza binti, alitabasamu kwa adabu, akasema, "Sawa mwalimu." Hakutupa tena.

Kwa hiyo kabla hamjaniuliza habari za mazoezi, nauliza mimi: tufe lako lina uzito gani? Kimataifa, msichana wa chini ya miaka 18 anatupa kilo 3, akivuka hapo kilo 4. Mvulana wa chini ya 18 ni kilo 5, chini ya 20 kilo 6, wanaume kilo 7.26. Mtu akijitapa kwa mita zake, muulize za tufe lipi.

Na duara je? Kipenyo chake ni mita 2.135. Wengi mnafanyia mazoezi kwenye duara la kukadiria, pana kama banda la kuku, halafu siku yenyewe mguu unakanyaga nje na bendera nyekundu inapanda. Chukua kamba ya mita 1 na karibu sentimita 7, funga kijiti kila ncha, chora. Kupima nako kuna utaratibu wake: sifuri ya futi kamba ikae kwenye alama ya tufe iliyo karibu zaidi na duara, kamba ivutwe kupita katikati ya duara, msome pale inapokata ukingo wa ndani. Msipimie kwenye kidole cha mguu wa rafiki yenu. Kisha andika daftarini: tarehe, uzito, umbali. Siku mbaya nazo ziandikwe.

Kuna wanaoota vyuo vya Marekani, na si ndoto ya kijinga. Suleiman Nyambui, mwenye medali ya fedha ya mita 5,000 ya Moscow mwaka 1980, alisoma El Paso. Lakini kocha wa huko haijui Sengerema wala hajali unaitwa Mzinga. Atauliza namba.

Namba hiyo iwe na jina lako. Hili la mamluki linanikera kuliko yote. Shule inakuja kukuazima, unatupa kwa jina la mwanafunzi mwingine, unapewa soda na nauli. Zile mita zimekwenda kwa mtu aliyebaki kwao anapalilia pamba. Na wewe kijeba unayeshindana na watoto, sina la kukuambia.

Mazoezi nitayasema kwa ufupi, kwa sababu tufe hufundishwa kwa macho. Nendeni ufukweni mkamtazame mvuvi anavyoutoa mtumbwi mchangani. Anakita mguu, ananyoosha goti, kiuno kinafuata, mikono ndiyo ya mwisho. Tufe nalo husukumwa hivyo hivyo, likitoka shingoni chini ya taya. Ukilipeleka nyuma ya bega kama unarusha jiwe la kufukuza ngedere, umeharibu. Wa mkuki mnaye Julius Yego, jirani yetu wa Kenya, aliyejifunza kwa kutazama video YouTube akaja kurusha mita 92.72 Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia. Simu mnazo. Mnachotazama mnakijua wenyewe. Na asirushe mtu mkuki huku mwenzake yuko mbele anaokota wake, hata kama mnaharakisha giza lisiwakute.

Anayetaka ualimu wa michezo asitafute mbali, chuo cha Malya kiko hapo Kwimba.

Yule mama wa Mwaloni alipoacha biashara aliniuzia mizani yake. Ipo barazani kwangu. Jumamosi baada ya saa tisa leteni matufe yenu, hata yale ya stoo yaliyoota kutu, tuyapime moja moja. Mwenye futi kamba aje nayo. Yangu imekatika kwenye mita ya 9.

Mwalimu wenu mstaafu,
Kirumba, Mwanza