Mwendesha mashtaka wa kaunti hasubiri jalada la polisi tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu waendesha mashtaka wa kaunti nchini Marekani iliwaona wapelelezi walio ndani ya ofisi hizo kama polisi wa ziada wanaorudia kazi iliyokwisha kufanywa. Kwa wizi wa dukani au ugomvi wa baa hoja hiyo ina mashiko. Polisi hukamata, huandika maelezo na kupeleka jalada, kisha wakili wa mashtaka huamua kama kuna kesi. Lakini yapo makosa ambayo ukisubiri jalada namna hiyo, kesi inafika mezani imekwisha kufa: polisi aliyempiga mtu risasi, diwani anayekula rushwa, mtoto aliyenajisiwa, mzee aliyekombwa akiba yake. Huko ofisi lazima iingie tangu mwanzo, na iingie na watu wake. California, kwa mfano, inawatambua wapelelezi hao kisheria kama maofisa wa amani wenye mamlaka ya kukamata.

Tuanze na polisi. Askari akipiga mtu risasi, uchunguzi huwa wa aina mbili kwa wakati mmoja, wa jinai na wa nidhamu. Katika ule wa nidhamu mwajiri anaweza kumwamuru askari aeleze alichofanya, na akikataa atafukuzwa kazi. Tangu hukumu ya Garrity dhidi ya New Jersey ya mwaka 1967, maelezo yaliyopatikana kwa shinikizo hilo hayawezi kutumika dhidi yake katika kesi ya jinai. Kwa hiyo mpelelezi wa jinai hatakiwi hata kuyasoma. Mara nyingi kinachoharibu ni kitu kidogo tu: muhtasari wa kurasa mbili wa maelezo hayo uliochomekwa kwenye jalada na ofisa mwenye nia njema, au kikao ambacho wapelelezi wa pande zote mbili wamekaa meza moja. Wakili wa utetezi akigundua, ataomba upande wa mashtaka uthibitishe kwamba ushahidi wake umetoka kwingine kabisa, na mzigo huo si mwepesi. Ofisi makini humpa wakili mmoja asiyehusika na kesi kazi ya kuchuja karatasi zote zinazotoka idara ya polisi.

Kwenye eneo la tukio, hesabu ya risasi haingoji. Silaha ya kila askari aliyekuwepo hupigwa picha kama ilivyo, kisha magazini hutolewa na risasi zilizobaki huhesabiwa moja moja, pamoja na iliyo kwenye chemba na zile za magazini za akiba. Tuseme askari hubeba risasi 17 kwenye magazini na 1 kwenye chemba, na zimebaki 13. Basi yatafutwe maganda 5, na mahali 5 risasi zilipoishia. Maganda yakiwa 4, huenda moja limenasa kwenye soli ya mhudumu wa gari la wagonjwa, au huenda askari hajazi magazini hadi juu, kama wengine wanavyofanya ili kulinda springi. Ndiyo maana huulizwa kawaida yake ya kujaza. Jibu hilo nalo liwe la hiari, la sivyo tumerudi palepale kwenye Garrity.

Kwa watoto, somo lilipatikana kwa gharama kubwa. Tuhuma dhidi ya shule ya chekechea ya McMartin, huko Manhattan Beach, California, ziliibuka mwaka 1983. Kesi ikaisha mwaka 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Watoto walikuwa wamehojiwa kwa maswali yenye majibu ndani yake, wakisifiwa walipokubali na kubanwa walipokana, na video za mahojiano zikawa silaha ya utetezi. Mwaka 1985, Huntsville, Alabama, mwendesha mashtaka wa huko, Bud Cramer, alianzisha kituo ambacho mtoto huhojiwa mahali pamoja badala ya kuzungushwa kutoka polisi kwenda ustawi wa jamii, kutoka huko kwenda hospitali, hadi ofisi ya mashtaka. Mfumo huo ndio umeenea nchi nzima.

Ndani ya chumba cha mahojiano anakuwa mhoji mmoja aliyefunzwa, na mahojiano yote hurekodiwa. Mpelelezi, wakili wa mashtaka na ofisa ustawi huangalia kwenye skrini chumba cha pili. Mhoji huanza kwa kujenga mazoea na mtoto, halafu humpa kanuni: "sijui" ni jibu zuri, na nikikosea nisahihishe. Hufuata zoezi la kusimulia jambo lisilo na madhara, labda siku ya mwisho shuleni, ili ajue mtoto husimulia kwa kina gani. Ndipo linakuja swali la wazi: niambie umekuja kuzungumza kuhusu nini. Maswali ya kulenga huja mwisho, na yale ya wakili hupitia kwa mhoji wakati wa mapumziko. Wakili akiingia kumhoji mtoto mwenyewe, anajigeuza shahidi katika kesi yake. Jambo jingine ambalo waandishi hukosea kila mwaka: ripoti ya daktari isiyoonyesha jeraha haimaanishi kwamba hakuna kilichotokea. Watoto wengi walionajisiwa hawana alama yoyote wanapopimwa.

Kwa ubakaji, mfano mzuri ni Detroit. Mwaka 2009 wakili wa ofisi ya mashtaka ya Kaunti ya Wayne alikuta kwenye ghala la polisi makasha ya vielelezo vya ubakaji ambayo hayakuwahi kupelekwa maabara, na yalipohesabiwa yalikuwa 11,341. Jalada la polisi lisingeweza kusema hilo, kwa sababu kwenye jalada kasha lilikuwa "limehifadhiwa". Sampuli huchukuliwa mwilini mwa mlalamikaji kwa kawaida ndani ya saa 72 baada ya tukio, na siku hizi sehemu nyingi zimeongeza hadi 120. Pamba ikaushwe kabla ya kufungwa, na nguo ziwekwe kwenye karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu, ukungu na bakteria huanza kazi, na vinasaba vinaoza. Maabara ikipata mlandano, yaani vinasaba vinavyofanana na vya mtu aliyemo kwenye kanzidata ya taifa, ambayo tangu Januari 2017 hulinganisha maeneo 20 ya msingi ya vinasaba badala ya 13, hapo kazi haijaisha. Mlandano ni fununu. Mpelelezi huomba hati ya mahakama, huchukua sampuli mpya mdomoni mwa mtuhumiwa, na maabara hulinganisha upya. Kisha kuna kumtafuta mlalamikaji baada ya miaka 10 au 20. Usimwachie ujumbe kwenye simu ya nyumbani, wala usimpelekee barua yenye nembo ya ofisi. Huenda mume wake wa sasa hajui lolote.

Makosa ya fedha ni kazi ya karatasi na ya kukimbizana na muda. Picha za kamera za benki hufutwa na mpya. Kampuni za barua pepe zinaweza kutakiwa na sheria ya shirikisho zihifadhi kumbukumbu kwa siku 90, na muda huo huongezwa mara moja, lakini lazima mtu aandike barua hiyo mapema. Mwathirika akiwa mzee, ushahidi wake urekodiwe mbele ya hakimu, utetezi ukiwa na nafasi ya kumhoji, kabla kumbukumbu au afya haijamtupa mkono. California inaruhusu hivyo kwa waliofikisha miaka 65. Simu ya mtuhumiwa inahitaji hati ya mahakama tangu hukumu ya Riley ya mwaka 2014, na ikiwa imewaka isizimwe ovyo: ikiwashwa upya kabla ya kufunguliwa, sehemu kubwa ya data inabaki imefungwa.

New York ina mtego wake. Jopo kuu la wananchi, lenye watu wasiozidi 23, hukaa wakiwa angalau 16, na kura 12 zinatosha kumshtaki mtu. Lakini shahidi anayetoa ushahidi mbele yao hupata kinga papo hapo kwa jambo analolieleza, isipokuwa ameikana kwa maandishi. Ukimwita mhasibu wa mtuhumiwa kabla hujajua mgawo wake katika uhalifu huo ulikuwa kiasi gani, umemsamehe mshirika bila kukusudia.

Kuna na gharama ambayo ofisi hulipa kwa kuingia mapema. Wakili anapofanya kazi ya upelelezi hapati tena ile kinga kamili ya kutoshtakiwa kwa madai ya fidia aliyonayo mahakamani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 1993 katika Buckley dhidi ya Fitzsimmons. Na kwa kuwa ushahidi unaomsaidia mshtakiwa lazima utolewe kwa utetezi tangu hukumu ya Brady ya mwaka 1963, anachokijua mpelelezi huhesabiwa kuwa wakili anakijua. Daftari lililosahaulika kwenye gari, lenye mstari unaosema shahidi wa kwanza alisita, linaweza kubomoa hukumu miaka mingi baadaye.

Pale ambapo makala yenu ingeuma kweli, hamkugusa. Mwendesha mashtaka wa kaunti kwa kawaida huchaguliwa kwa kura, na kila siku anawategemea polisi hao hao kumletea mashahidi. Kumpeleleza askari wa kituo kile kile ni mgongano ambao hesabu nzuri ya risasi haiuondoi. New York ililiona hilo. Mwaka 2015 vifo vya raia wasio na silaha mikononi mwa polisi vilikabidhiwa kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na tangu 2021 kuna ofisi maalumu kisheria. California nayo, tangu mwaka huo, imempa mwanasheria mkuu wake kesi za polisi kuwaua kwa risasi wasio na silaha. Kaunti za majimbo ambako utaratibu kama huo haupo ndizo za kuulizwa: nani huwa wa kwanza kufika eneo la tukio, mpelelezi wa mashtaka au mkuu wa kituo cha askari aliyefyatua, na ofisi ikiamua kutoshtaki, barua yenye sababu huchapishwa wapi? Los Angeles huziweka hadharani, na inafaa mwandishi wenu aanze kwa kuzisoma hizo.