Shanga za "Malkia" zilizotangulia reli: tuandike nini kwenye kibandiko?

Mhariri,

Tunaomba ushauri wa wasomaji wanaofahamu vitu vya kale, na zaidi wale waliowahi kukalishwa katikati ya wazee wasiosikizana juu ya mali ya marehemu.

Kuna sanduku la bati katika boma la familia inayojulikana sana viungani mwa Kisumu, boma la chifu wa enzi za mkoloni. Ndani mna vitu vya maombolezo vilivyorithiwa vizazi vinne: mkufu wa shanga nyeusi 54, bangili mbili nyeusi, pini ya kifuani yenye nywele chini ya kioo, utepe mweusi wa kufungwa mkononi, kondo, yaani taji la manyoya ya mbuni, na vipande viwili vya ngozi ya mbega. Ipo pia picha ya chifu akiwa amefunga utepe huo. Desemba, wajukuu wakirudi nyumbani kwa ukumbusho, vyote vitawekwa sebuleni kwenye kabati la kioo. Vibandiko vimeshachapishwa, tena kwa herufi za dhahabu: "Zawadi ya Malkia Victoria, 1901". Sisi tumekabidhiwa kazi ya kuandika orodha na asili ya kila kitu, na vitu vyenyewe vinakikana kibandiko.

Masimulizi ya nyumbani ni kwamba Malkia wa Uingereza alipofariki, serikali ilileta shanga na utepe kwa garimoshi, chifu akavaa naye aomboleze. Sasa, Victoria alifariki tarehe 22 Januari 1901. Reli iligusa ziwa hapa, Port Florence kama palivyoitwa, Desemba ya mwaka huo. Shanga hizo basi zilipanda garimoshi miezi kumi na moja kabla ya reli kufika. Isitoshe, wakati ule upande huu wote ulikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na haukuhamishiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya hadi 1 Aprili 1902. Anayesaka barua ya Januari 1901 katika Hifadhi ya Nyaraka pale Moi Avenue, Nairobi, anapekua kabati la jirani. Aanzie kwenye nyaraka za Uganda.

Kosa hili halikuletwa na uongo wa mtu, kwa maoni yetu. Lilizaliwa kwenye tafsiri. Masimulizi yalikuwa ya Dholuo, lugha ya Waluo: ruoth otho, mtawala amefariki. Kitenzi hicho, kama "amefariki" ya Kiswahili, hakisemi mume wala mke. Aliyeyaandika mara ya kwanza kwa Kiingereza alilazimika kuchagua, akachagua malkia aliyemsoma shuleni. Ukiirudisha sentensi kwenye Dholuo chake, wafalme watatu wanaingia mlangoni: Edward VII aliyefariki 6 Mei 1910, George V aliyefariki 20 Januari 1936, na George VI aliyefariki 6 Februari 1952, binti yake akiwa hapa hapa nchini, hoteli ya Treetops, Nyeri. Wote watatu walikuta reli ipo.

Shanga ndizo zilizotusumbua zaidi. Vitu vyeusi vya msiba vya Waingereza hufanana kwa mbali, lakini ukoo wao ni tofauti. Jeti ni mti wa kale uliogeuka jiwe, ndugu wa makaa ya mawe, uliochongwa sana mji wa Whitby, pwani ya Uingereza. Ni nyepesi na haina baridi mkononi. Ile iitwayo jeti ya Kifaransa ni kioo tu: nzito, baridi, na ukiigonga taratibu kwenye jino inalia kama glasi. Ya tatu ni vulkanaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa mgumu kama pembe. Wengi husugua kitu kwenye ule ukingo mkavu usio na mng'ao chini ya kikombe cha udongo mweupe: jeti huacha mstari wa kahawia, kioo hakiachi kitu ila mkwaruzo. Tatizo ni kwamba vulkanaiti nayo huweza kuacha mstari wa kahawia, ndiyo maana watu huuziwa mpira kwa bei ya jeti. Sisi tuliziacha shanga usiku kucha mezani kando ya kijiko cha mbao na glasi tupu. Asubuhi, kwa macho yaliyofumbwa, ushanga ulikuwa na baridi ya glasi, si ya kijiko. Kwa kioo cha kukuzia, ukingo wa tundu una vibanzi vinavyong'aa, na kiunoni mwa kila ushanga unapita mstari mwembamba ulioachwa na kalibu. Ni kioo kilichomiminwa. Kioo hicho kilitengenezwa miaka mingi sana, kwa hiyo hakitupi mwaka.

Uzi nao? Ni nailoni ya wavuvi, ile ile ya nyavu za hapa ziwani. Nailoni iliingia ziwani miaka ya 1950, kwa hiyo shanga zilitungwa upya wakati huo au baadaye. Hilo halisemi shanga zina umri gani. Linasema zilivaliwa hadi uzi wa kwanza ukakatika.

Bangili ni vulkanaiti bila ubishi. Upande wa ndani ni mweusi, upande wa nje uliopigwa na mwanga umegeuka rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo. Zisugue kwa kidole gumba mpaka zipate joto, zinanuka kiberiti. Tunasihi: mtu asikubali jaribio la sindano ya moto. Ni kweli jeti itanuka makaa na vulkanaiti itanuka salfa, lakini tundu halizibiki, na bangili moja tayari ina tundu la mtu aliyetaka kuhakikisha. Jambo jingine la kuangalia ni mahali pa kuziweka. Mpira huo hutoa salfa polepole miaka yote, na salfa huigeuza fedha kuwa nyeusi. Kifungo cha fedha cha mkufu kimeungua weusi upande mmoja tu, ule uliolalia bangili. Tumezitenga, kila moja na karatasi yake, mbali na dirisha.

Utepe una upana wa sentimita 8 na urefu wa 37. Tulichomoa nyuzi mbili za nusu sentimita kutoka ndani ya pindo tukaziwasha kwa kibano. Moja iliungua kama karatasi ikaacha jivu jepesi la kijivu: pamba. Ya pili iliyeyuka ikawa tone gumu jeusi: uzi wa kemikali, jamii ya nailoni, ambao haukuwapo 1901, wala 1910, wala 1936. Hapo tungeweza kufunga kesi na kusema utepe ni wa 1952. Ila mshono wa nyuzi zilizoyeyuka unapita juu ya matundu ya sindano ya zamani. Ni kiraka. Utepe wenyewe ulishonwa kwa pamba, na mfalme yeyote kati ya wale watatu anabaki mezani. Tuliumulika pia kwa ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Bitana yake nyeupe iliwaka samawati, na kijana mmoja akashangilia kwamba ni kitambaa kipya. Sivyo. Sabuni za unga zina dawa ya kung'arisha inayobaki kwenye nguo na kuwaka vivyo hivyo, kwa hiyo tochi inashuhudia tu kwamba mtu aliufua.

Kwenye picha tochi ina manufaa zaidi, kwa kuwa picha haifuliwi. Karatasi za picha zilianza kutiwa dawa hiyo miaka ya 1950, na mgongo wa picha yetu unawaka. Halafu kuna suala la mkono. Utepe wa msiba wa Kiingereza hufungwa mkono wa kushoto, na wazee wawili wamegombana kwa sababu kwenye picha uko kulia. Tazameni vifungo vya koti. Koti la mwanamume hufunikiana kushoto juu ya kulia, na hapa ni kinyume. Negativu iligeuzwa wakati wa kuchapa, kosa la mtu asiyemjua aliyepigwa picha. Kwa hiyo tunaamini hii ni nakala ya baadaye ya picha ya zamani zaidi, na mwaka wa karatasi si mwaka wa picha.

Pini ndiyo iliyo wazi kuliko vyote, na ndiyo inayoogopwa. Fremu ni dhahabu yenye enameli nyeusi. Chini ya kioo kuna nywele za rangi mbili zilizosukwa kama mkeka mwembamba. Kishikizo cha nyuma ni ndoano tupu bila kufuli, na sindano imechomoza nje ya fremu, alama za pini za karne ya 19. Mgongoni zimechongwa herufi tatu za jina na maneno "obt. 3 Mar. 1874", kifupi cha Kilatini: alifariki. Wakati huo hapakuwa na ofisi ya Mwingereza hapa Kisumu. Pini hii ilikuwa msiba wa watu wengine kabla ya kuwa mali ya chifu; labda ilitolewa na mke wa ofisa au mmisionari, labda ilinunuliwa mnadani wazungu walipokuwa wakifungasha virago. Isioshwe kabisa. Maji hupenya chini ya kioo na hayatoki, na nywele huota ukungu. Kitambaa kikavu kinatosha.

Yaliyobaki ni mafupi. Kondo na mbega ni vya tero buru, ile desturi ya Waluo ya kufukuza kifo baada ya msiba; havina uhusiano wowote na Uingereza, na kuviweka chini ya kibandiko cha Malkia ni kumnyang'anya mzee heshima yake mwenyewe. Lakini sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inafanya kuwa kosa kuwa na ngozi au manyoya ya mnyamapori bila kibali, na "yalikuwa ya babu" si kibali. Tumeshauri vipelekwe kusajiliwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kabla ya kabati kufunguliwa. Wengine wanahofu wakienda navyo hawatarudi navyo.

Maswali yetu ni haya. Kwanza, je, inafaa kibandiko kitenganishe kinachoonekana na kinachosimuliwa? Tumependekeza: "Shanga za kioo, zilitungwa upya kwa nailoni ya ziwani. Familia husimulia kwamba zilitolewa mtawala wa Uingereza alipofariki." Mzee mkubwa anasema hiyo ni njia ya adabu ya kumwita mama yake mwongo. Nani amweleze habari ya ruoth, na aanzie wapi?

Pili, nywele. Baadhi ya wazee wanasema nywele za maiti asiye wa ukoo ni kwer, yaani mwiko, na zitaleta chira, laana ya kuvunja mwiko. Wanataka pini itupwe ziwani. Wengine wanataka iuzwe. Je, kuna mtu aliyewahi kurudisha kitu cha namna hii kwa ukoo wa marehemu, akiwa na herufi tatu na tarehe tu mkononi?

Tatu, ufunguo wa sanduku uko nyumba ya Mikayi, mke wa kwanza, lakini wajukuu wa nyumba ya Nyachira, mke wa pili, wanasema bibi yao ndiye aliyezivaa shanga, na uzi wa wavuvi unaelekea kuwaunga mkono, maana kwao ndio walikuwa na mitumbwi. Tuliandike hilo kwenye orodha au tuliache kwa kikao cha wazee?

Tungeshukuru kupata majibu kabla ya mwisho wa Novemba. Aliyechapisha vibandiko vya dhahabu ameshauliza mara mbili kama atarudishiwa pesa zake.

Waandishi wa orodha,
Kisumu