Barua ya wazi kwa vijana wetu wanaopeleka vito Bangkok

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, wala sitaificha. Nimetumiwa video ambayo mmoja wenu aliirekodi katika kibanda cha chakula huko Bangkok, akiigiza mkao wa mfalme aliye kwenye picha ya ukutani, huku binti wa mwenye kibanda akionekana nyuma yake akijizuia kucheka. Mliiona wote, mkaisambaza, na hakuna aliyemwambia mwenzake aifute.

Kifungu cha 112 cha Sheria ya Adhabu ya Thailand kinakataza kumkashifu, kumtukana au kumtishia mfalme, malkia, mrithi au anayekaimu nafasi ya mfalme, na kila kosa lina kifungo cha miaka 3 hadi 15. Si lazima ikulu ilalamike, kwa kuwa mtu yeyote, hata jirani mwenye kinyongo, anaweza kwenda polisi. Mwaka 2021 mama mmoja, mtumishi wa umma wa zamani, alihukumiwa miaka 87 kwa kusambaza sauti zilizorekodiwa, ikapunguzwa nusu kwa sababu alikiri.

Lakini asiyenitoka moyoni ni mzee mwenzangu, Ampon Tangnoppakul, babu wa wajukuu, ambaye mwaka 2011 alifungwa miaka 20, yaani mitano kwa kila ujumbe, kwa ujumbe mfupi wa simu mara nne tu. Alijitetea kwamba hata kutuma ujumbe hajui. Mimi ambaye mpaka leo huandikiwa ujumbe na mjukuu wangu wa darasa la sita, ningejitetea kwa lipi? Mei 2012 alifia gerezani.

Tusijione sisi tu bora. Kwetu Tanzania nako, baada ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuna waliofikishwa mahakamani kwa kumtukana Rais, na tumeanza kulea tabia mbaya ya kutunza maneno ya mwenzetu ili siku tukikosana tuyapeleke kituoni.

Sisemi sheria ile ni ya haki. Mfalme wa wakati huo, Bhumibol, mwenyewe alitamka mwaka 2005 kwamba naye anaweza kukosolewa, na sheria ikabaki palepale. Ila wanaoipinga ni wenyeji, nao huilipia: chama cha Move Forward, kilichoongoza kwa viti katika uchaguzi wa 2023, kilivunjwa Agosti 2024 kwa kutaka irekebishwe. Hao wana hoja; ninyi mlikuwa na mzaha.

Mengine ni mafupi. Noti ikipeperuka msiizuie kwa mguu, kwani ina sura ya mfalme. Wimbo wa taifa ukipigwa saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, simameni. Msiwachokonoe wenyeji waseme wanauonaje ufalme wao.

Aliyerekodi ana tiketi ya kurudi Arusha. Binti yule hana pa kwenda. Ifuteni leo, kila mmoja katika simu yake, na atakayesafiri mwezi ujao apite kibandani, amwombe radhi mama wa binti, akiwa ameiacha simu hotelini.

Ni mimi mzee wenu.